Kamera Ndogo: Namna ya Kuimiliki Bila Kugombana na Ukoo

Ukinunua kamera ndogo ya dijitali, ile inayoingia mfukoni na ambayo lenzi yake huchomoza ukiiwasha, ujue umeshapata kazi. Mwajiri ni ukoo mzima. Mshahara ni sahani ya pilau inayokufikia imepoa, kwa kuwa wenzako wakila wewe ulikuwa unawapiga picha. Harusi, maulidi, ubatizo, mahafali ya chekechea, mgeni aliyeshuka kutoka Muscat, mbuzi aliyezaa watatu: kote utatafutwa, na hutatafutwa kwa jina. Watauliza, "Yuko wapi yule wa kamera?" Kazi hiyo ina heshima kubwa kuliko malipo yake. Miaka thelathini ijayo, mtu akitaka kujua bibi yake alikuwaje alipokuwa bado na nguvu za kukoroga sufuria la shughuli, atategemea ulichokifanya wewe Jumamosi hii. Basi ifanye vizuri.

Kwanza jiandae na swali, maana utaulizwa mbele za watu: "Simu si unayo? Kamera ya nini tena?" Muulizaji ana hoja. Mwaka 2010 chama cha watengenezaji kamera cha Japani, CIPA, kilihesabu kamera za dijitali zaidi ya milioni 120 zilizopelekwa sokoni, na nyingi mno zilikuwa hizi za mfukoni. Mwaka 2023 hizi ndogo hazikufika hata milioni 2. Simu ndiyo iliyozimaliza. Hata hivyo, mweleze mambo mawili, kwa upole. La kwanza ni flashi. Taa ya simu ni kitaa cha LED kinachowaka tu. Flashi ya kamera ni mrija wa gesi ya xenon unaotoa mwanga mkali mara moja, kwa muda wa kama sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mjomba akiwa katikati ya mduara, mkono juu, jasho linaruka, simu itakupa ukungu uliovaa kofia. Kamera itakupa mjomba, mkono na jasho lenyewe. La pili ni utulivu. Ukiinua simu ndipo inapoingia meseji ya kukukumbusha mchango wa harusi nyingine. Utaisoma, utataka kuijibu, na ukiinua macho bibi harusi ameshapita. Kamera haipigiwi na mtu.

Mpya madukani ni chache siku hizi, kwa hiyo wengi tutanunua mtumba: Kariakoo kwa wa Dar es Salaam, Luthuli Avenue kwa wa Nairobi, au kwa mtu aliyerudi Dubai na begi lake. Nenda mchana. Nenda umeshakula, kwa sababu mwenye njaa huwa na haraka. Na uende na memori kadi yako mwenyewe.

Kadi ndiyo inayowaangusha wengi. Kamera nyingi za kabla ya 2006 husoma kadi za SD za kawaida tu, ambazo mwisho wake ni GB 2. Ukiitia kadi ya GB 32 itakwambia kadi ni mbovu, muuzaji naye ataapa kwamba kadi yako ni mbovu kweli, na kumbe kadi ni nzima na kamera ni nzima, ila hazijuani. Zipo pia Olympus na Fujifilm za miaka ile zinazotaka kadi ya xD, na Sony za kabla ya 2010 zinazotaka Memory Stick. Kadi hizo sasa ni za kutafutwa kwa tochi. Kama kamera ya namna hiyo haiuzwi na kadi yake, irudishe mezani, ushukuru, uende duka la pili.

Kisha iwashe na kuizima, tena na tena, mpaka muuzaji aanze kukutazama. Lenzi itoke na kurudi kwa mlio mmoja laini. Ukisikia mkwaruzo, hiyo imeshakwenda ufukweni na imerudi na mchanga. Siku moja itakwama ikiwa nusu nje, maandishi ya hitilafu ya lenzi yatatokea kwenye kioo, na fundi atakutajia bei inayokaribia ya kamera nyingine. Halafu omba karatasi nyeupe, ivute karibu kwa lenzi mpaka mwisho, piga, uikuze picha kwenye kioo uitazame kila pembe. Madoa ya kijivu yanayokaa palepale katika kila picha ni vumbi lililopenya hadi kwenye sensa, ndani kabisa, na kitambaa hakilifikii. Ukiinunua hivyo, madoa hayo utayaona angani katika kila picha ya nje, na shangazi atakuuliza wale ni ndege gani.

Betri iwe bapa. Iliyovimba usiichukue hata kwa bure. Uliza chaja yake iko wapi, maana karibu kila aina ya kamera ina betri ya umbo lake na chaja ya jirani haitakufaa. Zipo zinazotumia betri mbili za saa ya ukutani, na hizo zinamfaa sana anayekaa mbali na umeme wa uhakika. Lakini betri za bei ya chini za dukani zitakata roho kabla bwana harusi hajaingia. Nunua za kuchaji, seti mbili, na ya pili ikae mfukoni daima.

Muuzaji atakusomea idadi ya megapikseli kwa sauti kubwa. Msikilize, ila usimwongezee pesa kwa ajili ya hizo. Picha ya megapikseli 10 inatosha kuchapishwa kwa ukubwa wa karatasi ya A4 na bado kope za mtu zikahesabika. Sensa ya nyingi ya kamera hizi ina upana wa milimita 6 na ushei, ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Ukizibana megapikseli 20 mahali padogo hivyo, kila moja inaambulia mwanga kidogo, na usiku picha inajaa chengachenga.

Umefika nayo nyumbani. Kabla ya picha hata moja, weka tarehe na saa. Naomba hili lisidharauliwe. Kamera hizi huzipa picha majina ya herufi nne na tarakimu nne, IMG_0001 na kuendelea, zikifika 9999 zinarudi mwanzo. Jina halitakwambia lolote. Kinachobaki ni tarehe inayoandikwa ndani ya faili, na kamera iliyokaa bila betri muda mrefu huisahau, ikarudi Januari mosi ya mwaka wake wa kiwandani. Hapo ndipo familia inapokuja kugombana kama mtoto alitahiriwa kabla ya msiba wa babu au baada. Ila ile tarehe ya rangi ya chungwa inayochapwa juu ya picha yenyewe, izime. Hukaa juu ya kiatu cha mtu, na haiondoki tena. Zima na mlio pia. Hakuna anayehitaji kusikia "pii-pii" katikati ya dua.

Kuhusu kuvuta karibu: kamera ina njia mbili, ya lenzi na ya kompyuta. Ya lenzi ni halali. Ya kompyuta inaikata tu picha na kuitanua, kwa hiyo izime kwenye menyu, na pale lenzi inapoishia tumia miguu.

Kitufe cha kupigia kina hatua mbili, na hapa ndipo vijana kwa wazee hukosea. Kibonyeze nusu, kamera ilenge na ipime mwanga, kijisanduku cha kijani kitokee usoni mwa mtu. Kaa hapo. Kisha maliza. Anayekigandamiza chote kwa mpigo mmoja hupata picha ya kisogo, kwa kuwa wakati kamera bado inalenga mtu ameshageuka kumsalimia mgeni. Na mjomba akilalamika kwamba kamera yako inachelewa, mpe kisa cha Steven Sasson, mhandisi wa Kodak aliyeunda kamera ya kwanza ya dijitali mwaka 1975. Ilikuwa na uzito wa kama kilo tatu na nusu, picha zake hazikuwa na rangi, na kila moja ilichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye mkanda wa kaseti. Sekunde 23 ni nyingi sana kwa mtu aliyevaa viatu vipya.

Sasa tuje kwenye jambo ninalolionea uchungu kuliko yote: nyuso zetu. Kwa miongo mingi maabara za picha za rangi zilipanga rangi zao kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mzungu, kadi zilizojulikana kwa jina la Shirley. Uso mweusi haukuwamo kwenye kipimo, na ndiyo maana katika albamu za zamani utaona gauni limetoka, ua limetoka, na mwenye gauni na ua hasomeki. Kamera ya dijitali haina kadi hiyo, lakini ina kasoro yake. Inachukulia kwamba vyote inavyoviona, ukivichanganya, ni kijivu cha wastani. Msimamishe bwana harusi wa kanzu nyeupe mbele ya ukuta wa chokaa: kamera inaona weupe mwingi, inadhani mwanga umezidi, inapunguza. Kanzu inatoka ya kijivu na uso wake unazama.

Dawa unayo mkononi. Tafuta alama ya +/-, isogeze upande wa kujumlisha hatua mbili au tatu, piga tena, tazama uso, achana na ukuta. Ukuta ukiungua, uungue. Hakuna atakayeutafuta kwenye albamu. Kwa safu ya akina mama wa mabuibui meusi fanya kinyume, sogeza upande wa kutoa, la sivyo nyuso zitababuka. Saa saba za mchana, jua likiwa utosini, macho ya watu hugeuka mashimo, hivyo wahamishe wote chini ya mwembe au barazani, nyuso zielekee kwenye uwazi. Saa kumi na moja jioni ndiyo saa ya heri. Na mtu akitaka bahari iwe nyuma yake, washa flashi mchana kweupe, kwa alama ya radi. Watakucheka. Wakiiona picha watakuomba na wao uwapige hivyohivyo.

Mafundi wa studio zetu za zamani hawakuwa na alama ya +/-, ila walipanga taa na kumgeuza mteja kidevu kwanza, kisha ndipo wakagusa kamera. Ukipata nafasi, zitazame picha za Capital Art Studio, iliyofunguliwa Zanzibar na Ranchhod Oza mwaka 1930, au za N. V. Parekh wa Mombasa. Watu wa rangi zote za pwani wamo, na kila uso unasomeka. Hicho ndicho kiwango, na kinafikika kwa kamera ya mfukoni.

Usiku, flashi ya kamera ndogo hufika mita tatu hivi, nne ukibahatika. Anayekaa mwisho wa ukumbi akipiga jukwaa kwa flashi anapiga picha nzuri sana za visogo vya safu ya mbele. Sogea. Macho yakitoka mekundu, ni mwanga uliogonga mishipa ya damu nyuma ya jicho na kurudi moja kwa moja kwenye lenzi, kwa sababu flashi na lenzi zimekaa jirani mno. Ongeza taa chumbani, au mwambie mtu asiitazame kamera moja kwa moja.

Ujirani huohuo wa flashi na lenzi ndio unaoleta kesi ya majini. Picha ya usiku, uwanja wa udongo, watu wamecheza mpaka vumbi limesimama, na juu ya shela ya bibi harusi yanaonekana maduara meupe yanaelea. Mama mkubwa ataishika kamera kwa mikono miwili na kusema, kwa sauti ya chini, kwamba hao ni wa upande wa kina bwana harusi. Usicheke, na usibishane na mtu mzima. Chukua mkeka, ukung'ute gizani mbele ya kamera, piga na flashi, umwonyeshe. Maduara yatajaa kioo. Ni punje za vumbi zilizo karibu sana na lenzi, flashi imeziangaza na lenzi haiwezi kuzilenga, ndiyo maana zikavimba hivyo. Nimeona ndoa ikipumua baada ya mkeka kukung'utwa.

Picha ya ukoo mzima ni kazi ya utawala, na inataka sauti. Viti vitangulie, wazee wakae, kisha wanaosimama, kisha watoto chini. Mtu mmoja mwenye mamlaka, shangazi kwa kawaida, apewe jukumu la kuwaita walioko jikoni, kwa sababu aliyeachwa nje ya picha hasamehi. Piga nyingi mfululizo. Katika watu thelathini daima yupo aliyefumba macho, na yule mtoto wa mbele hatatulia mara moja ile unayoitaka wewe. Usiseme "moja, mbili, tatu" ukapiga kwenye tatu; kwenye tatu wote wamekakamaa. Sema tatu, wacha wapumue, wacha mmoja aseme "tayari?", hapo ndipo upige.

Wazee watasimama wima, mikono mapajani, bila tabasamu. Wapige hivyo kwanza, na uwapige vizuri. Ujanani mwao picha ilikuwa safari ya studio, ilikuwa nguo ya kuazima, ilikuwa pesa, na hawakwenda pale kuchekacheka. Huo ndio uso waliouchagua wabaki nao. Ukishawapa waliyoitaka, usiishushe kamera. Babu atamwambia bibi neno, bibi atamsukuma bega. Hiyo ni ya pili.

Kioo cha nyuma kilitufikia sisi wanunuzi wa kawaida na kamera ya Casio QV-10 mwaka 1995, na tangu hapo mpiga picha hakupata tena amani. "Lete nione!" Waonyeshe. Mtu akisema ifute, ifute pale pale anakutazama, hata kama ndiyo bora ya siku nzima, kwani uso ni wake. Lakini ishike kamera wewe mwenyewe. Ukimpa wifi ataanza kurudi nyuma picha moja moja, na huko nyuma kuna sherehe ambayo yeye hakualikwa.

Pwani, sehemu ya wanawake katika harusi ni yao. Kule wamevua mabuibui wakijua nani yuko ndani. Kamera haiingii mpaka wenye shughuli waite, ikiitwa ishikwe na mwanamke, na kadi ya siku hiyo ikabidhiwe kwa bibi harusi au mama yake. Picha hata moja isipite kwenye kundi la WhatsApp. Mtaani nako, muuza samaki ana haki ya kuulizwa kabla. Mara nyingi atakubali, atafuta kisu, atainua changu mkubwa kuliko wote, nawe utatoka na picha nzuri kuliko ya kuiba. Kambi za jeshi, Ikulu na vituo vya polisi, acha kabisa.

Matunzo ni mafupi. Mkanda uvae mkononi. Ufukweni, kamera iwe ndani ya mfuko wa nailoni mpaka dakika ya kupiga, kisha irudi. Ukitoka chumba cha kiyoyozi kuingia joto la Tanga au Mombasa, iache ndani ya begi kwanza izoee, maana ukiitoa papo hapo lenzi italowa jasho, na unyevu ukizoea kukaa huota kuvu. Vumbi usilipulize kwa mdomo.

Na sasa kazi yenyewe, ambayo wengi huikimbia: kuzitoa picha kwenye kadi. Wote watakwambia "nitumie". Ukiwatumia kwa WhatsApp, programu inazibana, simu inapotea, picha nazo zimekwenda. Nakili kwenye kompyuta na kwenye diski ya pembeni, sehemu mbili, kabla hujaisafisha kadi. Kisha chagua. Kati ya mia mbili toa ishirini, na uwe mkali; mtu anataka sura yake moja nzuri, hataki tisa za kuchagulia. Hizo ishirini zipeleke studio zikasafishwe.

Angalia mtego ulioko hapo. Kamera hizi nyingi hupiga kwa uwiano wa 4 kwa 3, na karatasi ya kawaida ya studio, inchi 6 kwa 4, ni 3 kwa 2. Mashine ikiijaza karatasi, inakata juu na chini ya picha iliyolala. Kinachokatwa juu ni vilemba, kofia na vipaji vya nyuso vya warefu wote wa safu ya nyuma. Kwa hiyo ukiwa unapiga, acha nafasi juu ya vichwa kuliko unavyoona inafaa, na ukifika studio mwambie kijana wa mashine asikate, aache ukingo mweupe pembeni. Simama naye mpaka aonyeshe kwenye skrini.

Nyuma ya kila picha andika majina, kuanzia kushoto, na mahali na tarehe. Tumia penseli laini na mkono mwepesi; kalamu ya wino hukandamiza karatasi, na wino wake huhamia kwenye uso wa picha inayofuata. Usiandike "bibi" peke yake, andika bibi nani, binti wa nani. Kisha zipeleke mwenyewe, nyumba kwa nyumba, ndani ya wiki hiyo, kabla watu hawajaacha kuisimulia harusi. Unapokwenda kwa babu, nenda na kamera, betri imejaa. Atataka kupigwa tena, amekaa kwenye kiti kilekile, ameishika ile ya kwanza kifuani ili ionekane vizuri.